Umeme wa Kupita

Msumeno wa umeme ulizimika katikati ya ubao. Meno yakabaki humo humo ndani ya mti, kama mbwa aliyekufa na mfupa mdomoni. Fundi aliinua macho. Juu ya bati la karakana yake nyaya nene ziliendelea kuvuma, zimebeba umeme wa bwawa la kule mlimani, zikivuka kwenda nchi jirani.

"Umekatika tena?" mkewe aliuliza.

"Haujakatika. Umepita."

Ndivyo walivyomjibu kwenye ofisi ya umeme alipokwenda kulalamika. Ule ni umeme wa kupita, walisema. Mchana unauzwa kwenye viwanda vya ng'ambo ya mpaka, nyie subirini usiku. Na huo wa usiku ulikuja kwa kuchungulia tu. Akashika msumeno wa mkono. Milango ya bweni la shule, kazi pekee aliyoahidiwa, ikimponyoka, basi na karakana imekwenda. Mwenye kiwanja alikwisha kumwambia ahame asipolipa kodi.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye ndiye mkandarasi wa bweni hilo, alifika na lori lililosheheni milango. Yote laini, yote sawasawa, imezungushiwa nailoni.

"Shemeji, usininunie. Hii ya kiwandani, ng'ambo. Mashine zao hazilali. Wewe ungenifikisha mwakani."

"Mashine zao zinakula umeme wetu."

"Basi kaushitaki umeme!" Shemeji alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Lakini sijakutupa, wewe wa nyumbani. Njoo unifungie. Bawaba na vitasa ni vyako."

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe akatazama chini. Fundi akachukua bisibisi.

Chumba cha kwanza cha bweni kilikuwa kidogo, dirisha lingali limezibwa kwa mbao. Alipachika mlango, akatia kitasa. Vishikio vya kufungulia vilikuwa bado njiani, kwenye lori jingine.

"Ingia ndani, ufunge tuone," shemeji alisema kutoka ujiani.

Mlango ulijibana bila kelele. Kitasa kikalia, tik. Giza. Fundi alipapasa mahali pa kishikio, akakuta kitundu kisichopitisha hata kidole. Bisibisi aliiacha nje.

"Unaona kazi ya wenzetu? Hata upepo hauingii!"

"Shemeji, nifungulie."

Simu iliita. Shemeji aliipokea, akaanza kucheka na mtu, hatua zake zikisogea mbali. Fundi aliugonga mlango kwa kiganja, taratibu, asije akaukwaruza.