Kipuri Kutoka Urmeneta

Oyarzún, baharia mwenzangu, alisimama mbele ya jeneza la Belarmino Cayuqueo, bilauri ya divai mkononi, akasema humu amelala mwoga. Kisha akalipiga teke. Nikamtandika ngumi ya mdomo. Tulivunja viti na pua ya mtu asiyehusika kabla hatujatenganishwa.

Uchungu wake niliujua. Mdogo wake, Ismael, alibabuliwa na mvuke hadi kufa, katika chumba kimoja na Belarmino, shati likavuliwa pamoja na ngozi. Lakini uongo sikuuvumilia.

Frigeti zetu, manowari za doria, zilikuwa nne, tumbo moja, zilizojengwa Uingereza kwa mchoro mmoja zikazeekea huku bandarini Talcahuano. Vipuri vilipokoma kutengenezwa, dada mkubwa, Urmeneta, alifungwa gatini achunwe awalishe wadogo zake: leo pampu, kesho bomba. Mabaharia wake nao wakagawanywa. Belarmino, aliyezeekea kwenye boila za Urmeneta, akaletwa kwetu, kwenye meli ya Barahona. Tulimwita Kipuri, naye akacheka.

Bomba la mvuke lilipasuka tukiwa baharini. Chumba cha boila kikawa cheupe, mtu haoni kidole chake. Kwenye Barahona vali ya kufunga mvuke iko ukutani kulia. Belarmino alikutwa amekufa kushoto, karibu na ngazi. Basi, wakasema, alikimbia akamwacha mtoto wa watu aive. Mjane wake akaona haya hata kwenda sokoni. Mimi ndiye niliyemtoa, na ngozi ya viganja vyake ilibaki imeganda kwenye ukuta huo wa kushoto. Anayekimbia hupapasa ukuta? Hakuna aliyenisikiliza.

Wiki iliyofuata nikatumwa pamoja na Oyarzún huyo huyo kung'oa bomba kama lile ndani ya Urmeneta. Boila zake sikuwahi kuzishukia. Nikamulika tochi: ukuta wa kulia mtupu. Hapo nikakumbuka kwamba zamani meli ya mizigo ilimgonga Urmeneta ikampasua ubavu, mafundi wetu wakamshona upya walivyoweza. Vali waliihamishia kushoto.

Nikazima tochi, nikamkaba Oyarzún shingo kwa nyuma.

"Mdogo wako anaiva," nikamwambia sikioni. "Funga mvuke."

"Niachie, una wazimu wewe."

"Funga, nimesema."

Nikamsukuma gizani. Mazoea yana taabu. Mkono wake ulikwenda kulia bila kumwuliza mwenyewe. Nikasikia kucha zikikwaruza chuma, zikirudi, zikikwaruza tena.

"Haipo," akasema. "Iko wapi, bwana?"

Nikamshika kiganja, nikampeleka kushoto, nikakiweka juu ya gurudumu la vali. Alilizungusha mpaka likakaza, akaendelea kulikaza, huku akilia akimwita Ismael.

Nilipowasha tochi alinigeuzia uso, akaniomba nimpige. Nikampiga. Halafu tukaenda kwa mjane wa Belarmino, damu ingali inamtoka Oyarzún puani, naye akapiga magoti mlangoni akayasema yote kwa sauti, majirani wakisikia.