Vidude Vilivyolala Kwenye Ndoo

Mafundi wa ujenzi walimwita yule binti wa chuo kikuu Daktari tangu siku ya kwanza, wakamletea migongo yao inayouma, ingawa udaktari wenyewe alikuwa bado anautafuta, tena wa majengo. Alikuja na sanduku la vidude vya kubandika ndani ya kofia ngumu. Fundi akisogea ukingoni mwa ghorofa, au akipita chini ya mzigo unaopandishwa na winchi, kidude kinalia, na kompyuta ya binti yule, ndani ya kontena lililofanywa ofisi, inaweka alama mahali kilipolia. Huo ndio ulikuwa utafiti wake wa shahada ya uzamivu: je, kidude kikimwonya mtu, hatari inapungua?

Wiki ya kwanza vililia kama vifaranga vilivyopotelewa na mama. Kila kimoja kilipolia, binti alipanda ngazi mbio, uso umemkunjamana, akauliza fundi alisimama wapi, alikuwa akifanya nini. Kisha vikaanza kunyamaza kimoja kimoja, hadi mwezi mzima ukapita bila mlio.

"Matokeo kama haya sijawahi kuyaona," profesa wake alisema kwenye simu. "Anza kuandika."

Akaanza. Moyo ulikuwa mweupe.

Siku moja akapanda juu na kofia yake mwenyewe, nayo ina kidude. Alipofika kona ya winchi, kikapiga kelele. Fundi wa nondo alikuwa karibu zaidi na ukingo kuliko yeye, anapinda nondo huku akipiga mluzi. Kofia yake kimya.

"Kaka, chako kimeharibika?"

"Kizima kabisa."

"Mbona hakilii?"

Fundi akazitazama nondo kana kwamba jibu limefungwa humo. "Muulize mnyapara. Mimi mdomo wangu mzito."

Mnyapara, mzee aliyesimamia mafundi wote pale, hakubisha. Alimshusha hadi chini ya ngazi, akafunua mfuko mtupu wa saruji. Ndani ya ndoo, vidude vyote vilikuwa vimelala pamoja, salama salimini.

Binti akakaa juu ya matofali. Mwezi mzima alikuwa akiipima ndoo. Jengo lilibakiza ghorofa mbili tu. Likiisha, hakuwa na pengine pa kufanyia utafiti, na muda aliopewa na chuo ulikuwa unayoyoma.

"Nimewakosea nini, mzee?"

Mnyapara akavua kofia, akaivaa tena. Aliyejibu ni Mama Pacha, mbeba zege, aliyekuwa amewafuata na karai lake.

"Hujatukosea, mwanangu. Kila kikilia unakuja umekunja uso, unaandika. Tukajua tunakupunguzia maksi. Mtoto wa watu anasoma mpaka mvi zinamchungulia, halafu aanguke kwa sababu yetu? Tukasema tuvifiche, afaulu."

"Na kila asubuhi tunavipitisha kwanza getini, ili uone vimeingia kazini," mnyapara akaongeza, kwa fahari kidogo.

Binti hakujua acheke au alie, akafanya vyote. Watu ambao hajala nao hata chumvi walikuwa wamebeba mtihani wake kama wa mtoto wao.

"Mama, kikilia ndipo napata cha kuandika. Kikifichwa ndipo naanguka."

"Basi mnyapara angekupatia shahada tatu," fundi wa nondo akasema kutoka ngazini, ule mdomo mzito umeshapona. "Anakaa ukingoni kama popo."

"Nyamaza, wewe uliyeleta ndoo."

Binti angeweza kuyaacha matokeo yalivyo. Profesa alishafurahi, na nani angejua? Lakini matokeo yale yangemdanganya mjenzi mwingine kwamba kidude peke yake kinatosha, na mtu angeanguka akikiamini. Akapiga simu palepale, kabla ujasiri haujapoa.

Profesa akasikia habari ya ndoo, akauliza, "Walificha kwa nini?"

Akamweleza.

"Hilo nalo liandike. Watu wakidhani mlio unamhukumu mtu, watauzima, hata kwa upendo. Nitakuombea chuo kikuongezee muda."

Kesho yake vidude vikarudi kofiani, vikalia kutwa, vingi kwenye kona ya winchi. Mnyapara akatazama alama zilivyorundikana kwenye kompyuta. "Tulipazoea," akasema polepole. Kabla ya jua kuzama, kona ile ilikuwa imefungwa vizuizi vya mbao.

Chuo kikakubali kumwongezea muda. Siku ya kumwaga zege la ghorofa ya mwisho alitaka kuwashukuru, akayaacha maneno aliyoyapanga usiku. Akakunja mikono ya shati, akaingia kwenye mstari wa makarai, kati ya Mama Pacha na fundi wa nondo.

"Mwalimu wako akikuona je?" fundi akauliza.

"Atajua niko kazini."

"Haya, kaza mikono. Zege halilali."

Akapokea, akapitisha. Akapokea, akapitisha. Mabega yakawaka moto, na hakukumbuka siku nyingine aliyochoka kwa raha namna ile. Akarudi nyuma kidogo, kuelekea ukingoni, kupisha karai lililojaa, na kofia yake ikalia. Mstari mzima ukasimama, ukamgeukia.

"Huo nao uandike, mwanangu," Mama Pacha akasema, akimvuta mkono kumrudisha ndani.