Moja kwa Sabini na Mbili

Mume wangu Théoneste ana ndege za kivita nyingi kuliko nchi kadhaa ninazozijua. Nyingine zinaning'inia kwa nyuzi za kuvulia kwenye dari ya chumba alichokuwa akilala binti yetu Uwineza kabla hajaolewa Kigali, na nyingine zimejipanga juu ya kabati kama kuku waliopanda kulala. Anaziunda mwenyewe. Kaka yake aliyeko Ubelgiji humtumia maboksi ya vipande vya plastiki, naye akitoka kwenye kazi zake za umeme hukaa mezani na kibano, msasa na gundi inayonuka mpaka jikoni kwangu. Yeye huziita maketi. Mimi nina majina mengine.

Ila sitamsingizia: ni mtu wa kweli kupita kiasi. Siku moja alikwangua rangi ya bawa zima kwa sababu kijivu chake kilikuwa kijivu cha jeshi la nchi nyingine. Hupaka rangi hata ndani ya tumbo la ndege, mahali ambapo gundi ikishakauka hakuna atakayeona tena. Nilimwuliza ni ya nini.

"Mimi niko najua," akasema.

Huyo ndiye mtu niliyemwomba aseme uongo.

Nzigire alivuka mpaka akitokea Bukavu na begi moja na kandambili za mtu mwingine. Tulikua pamoja kule kabla wazazi wangu hawajarudi Rwanda, na baadaye tukafanya biashara pamoja, mimi nikimpelekea mchele wa Bugarama, yeye akiniletea vitenge. Vita ilipokaribia mjini alikimbilia kwa kaka yake kijijini, na huko ndiko ndege ilikodondosha bomu. Ilikuwa ndege ya nani, kila redio ina jibu lake; mimi sina. Bomu lilimkuta binti yake Vanessa uani akianika nguo. Hakuwa na mtoto mwingine.

Chumba cha mgeni tunacho kimoja tu, kile cha ndege. Nilimwambia Théoneste azishushe zote, na alikuwa bado anahangaika na nyuzi Nzigire alipoingia. Alisimama na begi lake mkononi akaangalia dari. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Uziache tu," akasema. "Hizi haina muntu ndani."

Kusema kweli zilikuwa na watu ndani, wadogo kama punje ya mahindi, na mikanda wamefunga. Théoneste akafungua mdomo amsahihishe. Nikamkanyaga mguu.

Kila jioni Nzigire ndiye aliyeombea chakula, na alikuwa na maombi marefu. Alimwombea Vanessa, akatuombea sisi, kisha akamwombea rubani. "Na ule kijana ya mu ndege, Mungu, umusamehe, sababu hakuona." Pasta alimwambia hivyo siku ya maziko: kule juu mtu haonekani, yanaonekana mabati tu. Nzigire alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Mimi amina yangu ilipita kwenye meno, maana nilimchukia kijana huyo na bado namchukia. Lakini niliona kwamba baada ya maombi hayo Nzigire anakula, na akishakula analala. Hilo lilinitosha.

Jumapili moja tumetoka kanisani, akamgeukia mume wangu.

"Papa Uwineza, wewe unajua ndege. Pale juu, muntu anaonekana ao haonekane?"

Uso wa Théoneste ukang'aa. Miaka yote hiyo hakuna mtu katika nyumba hii aliyewahi kumwuliza swali juu ya ndege zaidi ya lini atazitupa. Nikamwita jikoni haraka, eti anishushie gunia la makaa.

"Umuambie haonekane," nikamnong'oneza.

"Lakini anaonekana. Ile inapitaka chini, kioo yake ilitengenezwa kwa kuona chini."

"Najua. Ndiyo maana niko nakuomba."

"Unataka nimudanganye, mama?"

"Nataka alale."

Alisimama pale akisugua gundi iliyokaukia kwenye kidole. Kisha akarudi sebuleni, nikamsikia akikohoa. "Hapana, Maman Vanessa. Anaonaka mabati tu." Aliyasema macho yakiwa kwenye meza. Nzigire akamshukuru, na siku hiyo akaomba sahani ya pili.

Mtu asiye na kazi huwaza, kwa hiyo mimi mwenyewe nilimkalisha mezani pa Théoneste. Mikono ya Nzigire imesuka nywele tangu utotoni. Kibano kilimtii siku ile ile. Nikitoka dukani kwangu nawakuta wameinamisha vichwa, yeye anapaka magurudumu, mume wangu anafundisha. Alimweleza kipimo chake, moja kwa sabini na mbili: sentimita moja ya mezani ni sentimita sabini na mbili za duniani. Ndivyo zilivyo mbawa, ndivyo walivyo watu, na ukitaka kuiinua ndege hewani, hata umbali wake kutoka chini unaupima hivyo hivyo. Mtu huyo hajui kufundisha nusu. Mimi nilifurahi kusikia sauti ndani ya nyumba, sikusikiliza zaidi.

Kisha Nzigire akaomba mtu. Maboksi yale yana mafundi wa uwanja wa ndege, wanaume watupu. Mmoja wao ameinua mkono usoni kukinga jua. Akamchagua huyo, akataka awe mwanamke. Théoneste alikaa siku kadhaa akimchonga suruali na kumfinyangia kitenge, akipiga mluzi kwa raha ya kazi ngumu.

"Mukono uuache vile," Nzigire akamwambia.

Kitenge alikipaka mwenyewe. Manjano.

Nyumba yetu imejengwa kwenye mteremko, baraza iko juu ya nguzo, na ua uko chini kabisa. Jumamosi nilikuwa nasugua masufuria huko chini nikamwona Nzigire akishuka ngazi na kitu kiganjani. Akainama chini ya kamba ya nguo, akakisimamisha kwenye majani, akaniambia nisikanyage pale. Akapanda tena. Nikamsikia akimwita mume wangu barazani.

"Papa Uwineza, kwa kipimo yako, kutoka hapa mpaka mu majani ni metre ngapi ya kweli?"

Niliinua kichwa nikawaona wote wawili kwenye ukingo wa baraza. Théoneste alikwisha kuelewa, alikuwa amekunja mikono tumboni kama mtu anayeumwa. Lakini namba ni namba, na yule bwana uongo wake ulikuwa mmoja, ulishatumika.

"Kama mia tatu," akasema.

"Ile siku ndege ilikuwa chini kuliko vile. Nilisoma namba yake ku tumbo."

Akaegemea ukingo akaangalia chini. Hakukodoa macho, hakutafuta. Mimi nilikuwa karibu na yule mwanamke wa plastiki kuliko yeye, na hata bila kugeuka nilijua anaonekana, njano ndani ya kijani.

"Niko namuona," Nzigire akasema.

"Ya kweli inakimbia!" nikapiga kelele kutoka chini, sufuria mkononi. "Inapita mbio, Nzigire! Hana wakati ya kuangalia!"

"Ilirudia," akasema, bila kupandisha sauti. "Mara ya kwanza ilipita tu. Vanessa akainua mukono kukinga jua, ili aiangalie muzuri. Kisha ikarudia." Akaangalia tena. "Hata mukono naona."

Théoneste alijaribu kusema kitu, samahani nadhani. Nzigire akamgusa bega. "Unafanyaka kazi muzuri, Papa Uwineza. Sawa kabisa na ya kweli."

Nililia pale pale uani, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Nilimkasirikia pasta, nikamkasirikia mume wangu na vipimo vyake, nikamkasirikia Mungu. Nikiulizwa leo, ningemwambia Théoneste adanganye tena, na safari hii ningemficha Nzigire kibano.

Jioni nilipika wali na dagaa wa ziwani anaowapenda Nzigire. Tukakaa, tukafumba macho, Nzigire akaanza kuomba kama kawaida. Akamwombea Vanessa. Akatuombea sisi, akataja na Uwineza na wajukuu. Akasema, "Na ule kijana," akanyamaza.

Tulingoja. Nilimsikia akivuta pumzi, akaanza tena, "Na ule kijana ya mu ndege," akanyamaza tena. Amina haikuja. Tulikaa na macho yaliyofumbwa mpaka wali ukapoa, halafu mimi nikafumbua yangu, nikachukua upawa, nikapakua. Nzigire hakula.