Kigari Kinachokutwa Kina Moto

Mzee Gervasi hakuwa na mke tena, hakuwa na gari, wala mtu wa kumwamkia asubuhi pale Gungu, Kigoma. Alibakiwa na masikio ya fundi aliyesikiliza injini miaka arobaini, na binti mmoja, Frida, aliyekuwa Dodoma.

Frida akapiga simu. "Baba, nimepata kigari cha mbio, kina miaka ishirini tu! Nikikinunua, Krismasi nakuja nacho. Kila nikienda kukiona, nakikuta kinanguruma."

"Anayekiwasha nani?"

"Muuzaji mwenyewe, kabla sijafika."

Mzee alizijua hila hizo. Muuzaji anayewahi kupasha injini moto ana ugonjwa anaouficha. Lakini yeye akisema "nunua", Krismasi hatakula peke yake.

"Nitakuandikia," akasema.

"Barua, Baba? Zama hizi?"

"Ya simu huingia sikio hili yakatokea lile."

Akaandika: "Mwanangu, usilipe bado. Nenda alfajiri bila taarifa, gusa injini, ikiwa baridi uiwashe mwenyewe. Ikitoa moshi wa bluu, inakula oili; kiache. Treni bado inafika Kigoma."

Akaisoma mara mbili, akafunga bahasha, akapanda bodaboda hadi posta, akaitumbukiza sandukuni.