Kopo la Nywele

Kabla hakujapambazuka, kilichosikika chumbani ni kiganja cha Bibi kikipangusa mto: shh, shh. Alikuwa akiokota nywele za mjukuu wake zilizong'oka usiku, kabla mtoto hajaamka akaziona. Aliziviringa, akazitia katika kopo kuukuu la majani ya chai. Juu ya mto huohuo aliwahi kumwokotea mama wa mtoto hivyohivyo. Kuna alfajiri mkono wake ulisahau kichwa kilicholala pale ni cha nani.

Saa tatu muuguzi wa utafiti alipiga hodi, kisanduku cha barafu begani. Wakubwa zake walikuwa wakitafuta urithi unaoufanya mwili wa mtu uzigeukie nywele zake wenyewe na kuzishambulia. Mwaka jana alichukua damu ya vizazi vyote vitatu: bibi, mama na mjukuu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umetuletea majibu?"

Muuguzi akatazama viatu vyake. "Umeme ulikatika siku nne. Jenereta haikuwa na mafuta, na barua ya kuombea mafuta ilikuwa mezani ikingoja sahihi. Damu zote zimeharibika. Nimekuja kuchukua upya. Mama yuko wapi?"

Mjukuu, ambaye shuleni wanamwita Balbu kwa mabaka ya kichwani yanayong'aa, ndiye aliyejibu. "Tumemzika mwezi wa nne. Mapafu."

Muuguzi akaketi bila kukaribishwa.

"Nami nilikuwa najifariji," Bibi alisema, "kwamba kijiko kimoja cha damu yake bado kipo mahali, kwenye baridi."

"Na mimi zitaisha zote kama za mama?" Balbu aliuliza. Akajaribu kucheka. "Nijue tu kama nigawe chanuo langu."

"Sijui, mdogo wangu. Ndilo tulilokuwa tunalitafuta. Na bila damu ya mama, wanawafuta kwenye orodha."

Bibi akainuka, akaja na kopo. "Nywele je?"

Uso wa muuguzi ukachangamka. "Zenye mizizi huenda zikafaa! Za mama ni zipi?"

Bibi akafunua. Ndani mlikuwa na donge moja jeusi, laini. Za mtoto zilipoanza kung'oka, hakuwa na moyo wa kutafuta kopo la pili.

"Ni za wote wawili," alisema taratibu.

Muuguzi akainua unywele mmoja dirishani, akainua mwingine, akazirudisha zote mbili; hazikutofautiana. Hakumlaumu. Alilifunika kopo kwa mikono miwili, kama anayemfunika mtu aliyelala.

Kisha akatoa fomu ya mama. Sababu za kujitoa zilikuwa mbili tu: amehama, amekataa. Akazikata zote kwa mstari.

"Watanifokea kwa kuchafua fomu," alisema, akaandika pembeni, akasoma kwa sauti: "Hakujitoa. Alikufa akisubiri."

"Andika vizuri," Bibi alisema. "Wasiseme hawakuona."

Muuguzi akakoleza herufi, moja baada ya moja. Alipobeba kisanduku chake kitupu, Bibi akamsindikiza hadi mlangoni, akaushika mkono wake, akaugeuza kiganja juu.

"Mkono huu ulimshika mwanangu. Uje tena."

"Bibi, sitakuwa na kazi tena hapa."

"Najua. Uje hivyohivyo, tumzungumzie."