Sentensi Iliyokaa Mdomoni mwa Mamkubwa

Usiku wa jana niliota tovuti niliyoitengeneza imehamia nyumbani kwetu, na hakuna mtu aliyeshangaa.

Labda kwa sababu nyumba yetu imezoea kujaa. Mamkubwa Zamda, dada mkubwa wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea, na hajui kupika chakula cha watu wachache. Jirani akipita kuomba chumvi anakula kwanza, anasimulia ya mtaa mzima, halafu anasahau chumvi. Kwa hiyo nilipoingia sebuleni nikakuta watu wamebanana mpaka mlangoni, nilisalimia tu na kutafuta pa kukaa.

Kilichonifungua macho ni ukuta. Ukuta mzima ulikuwa picha ya Mheshimiwa wetu, mbunge anayeomba arudi bungeni, na picha ilikuwa inajibadilisha yenyewe kama nilivyoipanga. Mheshimiwa anakata utepe. Mheshimiwa anabeba mtoto. Mheshimiwa anaonja uji. Halafu anakata utepe tena.

Mara kuta zinaanza kusogea. Nikajua kuna mtu mahali fulani kaifungua tovuti kwa simu. Niliitengeneza hivyo: ukiifungua kwa simu inajibana, kila kitu kinapangwa chini ya kingine. Sebule ikawa nyembamba kama uchochoro, wageni wakaanza kupandiana mabegani, Mheshimiwa juu, habari zake chini yake, wananchi chini kabisa.

Mama Shadya, jirani yetu anayejua nani kalala wapi mtaa mzima, alikuwa amekaliwa kichwani na kichwa cha habari.

"Kibwana, ni wewe uliyetupanga hivi?" aliniuliza.

Nikamwambia ni kawaida, ukurasa unafuata upana wa kioo.

"Kioo cha nani?"

"Cha simu."

Akasema simu yake ni kiswaswadu, haifungui tovuti ya mtu, kwa hiyo hayo hayamhusu. Akatoka kupitia dirishani bila haraka, kanga yake mkononi.

Chini kabisa, miguuni pa watu wote, alikuwa amekaa Mamkubwa. Ameshika kikombe kitupu, midomo imepasuka kwa ukavu.

"Shikamoo, Mamkubwa."

"Maji sasa yapo, tunamshukuru Mheshimiwa," akajibu.

Nikacheka, nikidhani ananitania. Nikamuuliza ameamkaje. Akasema maji sasa yapo, tunamshukuru Mheshimiwa. Nikamuuliza kama anaumwa. Akanionyesha kikombe, akakigonga kwa kucha, macho yakinisihi, na mdomo ukasema vilevile, kwa sauti ya mtu anayesoma kibao.

Hapo kicheko kilinikatika, maana maneno hayo nayajua. Niliyaandika mimi, wiki hii hii.

Kazi yetu iko hivi. Unapojenga ukurasa na maneno yenyewe hayajaletwa, unaweka maneno ya muda ili nafasi isionekane uchi. Ni kama mtu anayetandika kanga kwenye kiti harusini kumshikia mwenzake aliyechelewa. Tovuti ya Mheshimiwa ilikuwa na sehemu iitwayo Wananchi Wanasema, na hakuna mwananchi aliyeletwa aseme. Nikachukua picha ya Mamkubwa kwenye sherehe ya kumtoa mwali, siku aliyocheka mpaka meno ya mwisho, kwa sababu mjomba wa bwana harusi alikuwa anacheza na suruali imemwachia. Nikamkata mjomba, nikakiacha kicheko. Chini yake nikaandika sentensi moja ya kushikia nafasi.

Bwana Mwaluko, mpambe wa Mheshimiwa, alipokuja kukagua, kidole chake kilisimama hapo. Alisema pasiguswe, huyo mama ana sura ya kweli. Nami nikasema sawa, kiongozi.

Bomba letu uani tunaanikia matambara.

Tunarudi kwenye ndoto. Nampigia magoti Mamkubwa, namwomba afungue mdomo nione kuna nini. Anafungua. Juu ya ulimi amekaa mtu mdogo kama kidole gumba, amevaa suti ya Kaunda, amekunja nne, chini ametandika leso asichafuke.

"Habari za leo," akasema.

"Njema. Wewe ni nani?"

"Mimi ni sentensi."

Nikamwomba kwa heshima atoke, mama huyu anataka maji. Akasema hawezi, ameambiwa ashike nafasi, na mwenye nafasi akija ataondoka bila ugomvi. Nikamuuliza mwenyewe ni nani.

"Maneno yake huyu mama. Yapo nyuma yangu hapa kooni, yamepanga foleni. Yanasukumana vibaya. Mengine ni matusi."

"Yapishe basi yapite."

"Aliyeniweka ndiye anitoe," akasema Sentensi. "Aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu, kwamba ni yeye. Na afanye upesi. Kikao kikifungwa nitaidhinishwa, na nikishaidhinishwa sishiki tena nafasi ya mtu. Hapa panakuwa kwangu."

Nikauliza kikao gani, na nilipomaliza kuuliza tulikuwa tayari ndani yake.

Ni bunge, lakini si lile la kwenye televisheni. Ukumbi umejaa viti, na viti vyenyewe ndio waheshimiwa. Vikifurahi vinagonga meza kwa mikono yao ya mbao. Aliyekaa mbele kama spika ni kitufe cha kijani, kikubwa kama tairi la trekta, kimevaa wigi jeupe, na juu yake pameandikwa KUBALI.

Natafuta kitufe cha KATAA. Hakipo. Nakumbuka ni mimi niliyekiondoa, kwa sababu Bwana Mwaluko alisema kinaharibu mpangilio wa ukurasa.

Kwenye jukwaa la wageni mtaa wetu wote umekuja. Mama Shadya yupo mstari wa mbele. Mafundi simu nilioanza nao kwenye benchi wapo, wale walionifundisha kufungua kompyuta kabla sijajua kuiwasha vizuri. Hata bwana harusi na mjomba wake wapo, mjomba kafunga mkanda safari hii. Wanatafuna karanga na kuangusha maganda. Mimi ni mtu wa watu, sijawahi kuchoka na kelele za nyumba iliyojaa, lakini pale nilitamani ukumbi ubaki mtupu.

Mamkubwa anaitwa mbele. Kiti kimoja chenye mto wa velveti kinamuuliza kama maji yanatoka. Anajibu maji sasa yapo, tunamshukuru Mheshimiwa. Meza zinagongwa. Kingine kinauliza hali ya zahanati. Maji sasa yapo, tunamshukuru Mheshimiwa. Meza zinagongwa zaidi.

Kutoka nyuma kabisa, kiti kimoja chenye mguu mbovu kinajiinua kwa shida.

"Mama," kikasema, "una kiu?"

Mamkubwa akakitazama kikombe chake. Akakigeuza chini juu watu waone. Akameza mate ambayo hayakuwepo.

"Maji sasa yapo," akasema, "tunamshukuru Mheshimiwa."

Machozi yakamtoka, na hayo ndiyo yalikuwa maji pekee ndani ya ukumbi ule. Viti vikagonga meza mpaka maganda ya karanga yakaruka.

Spika Kitufe akasafisha koo. Akasema kabla hajabonyezwa, kama kuna mwenye neno asimame.

Nami nimekaa. Nimejiinamia kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kiti. Bwana Mwaluko, ambaye sikumwona akija, yupo pembeni yangu, mkono wake umelala juu ya goti langu.

"Tulia, mdogo wangu," ananinong'oneza. "Kazi nyingine zinakuja. Usijiharibie kwa sentensi moja."

Nitasema ukweli, nilitulia. Nilianza kufikiria nilikotoka: benchi la fundi simu, kusoma kwa kuchungulia bega la mtu, tovuti yangu ya kwanza ya saluni ambayo picha zake zilikuwa zinatokea kichwa chini. Leo watu wananiita mtaalamu. Nikalitazama lile jukwaa, na hakukuwa na hata mmoja ambaye sikuwahi kumwambia, tena bila kuulizwa, kwamba tovuti ya Mheshimiwa ni mkono wangu. Nikisimama nitawaambia nini? Kwamba mkono wangu umemziba mdomo aliyenilisha?

Kitufe akaanza kushuka taratibu, kama vinavyoshuka vitufe vikibonyezwa.

Ndipo Mamkubwa akaniona. Hakukasirika. Alichukua pembe ya kanga yake, akafuta sehemu ya benchi kando yake, akaipigapiga kwa kiganja. Ndivyo afanyavyo nyumbani wageni wakijaa nami nikachelewa kurudi. Alikuwa ananishikia nafasi.

Nikasimama. Mkono wa Mwaluko ukaanguka kutoka gotini kwangu kama leso. Nikavuta pumzi niseme kwamba mama huyu hajawahi kuyatamka maneno yale.

"Imetengenezwa na Kibwana," mdomo wangu ukasema. "Haki zote zimehifadhiwa."

Nikaufunga. Nikajaribu tena. Imetengenezwa na Kibwana, haki zote zimehifadhiwa. Ni yale maneno madogo ninayoyaweka chini ya kila ukurasa ninaoutengeneza, mtu akishuka mpaka mwisho anijue. Sikuwa na mengine. Jukwaa zima likaangua kicheko. Nikamsikia Mama Shadya akimwambia mwenzake kwamba huyu mtoto hata kwenye kesi ya mama yake anajitangaza. Masikio yakaniwaka moto. Mwaluko naye anacheka, tena ananipigia makofi.

Kile kiti chenye mguu mbovu hakikucheka. Kilinisogelea kikichechemea.

"Kijana, unataka kusema nini?"

"Imetengenezwa na Kibwana."

"Nini? Tovuti?"

Nikatikisa kichwa kukataa. Nikanyoosha kidole mpaka mdomoni mwa Mamkubwa.

"Sentensi ile?" kikauliza.

Maneno hayo nilishayatangaza vijiweni kwa kifua mbele. Nilishayachapisha kwenye kadi za biashara. Safari hii yalitoka kama mtu anavyotema mfupa.

"Imetengenezwa na Kibwana," nikasema.

Hakuna meza iliyogongwa. Karanga zikaacha kutafunwa. Watu wote wa mtaa wetu wakanitazama, kisha wakamtazama Mamkubwa, kisha wakanitazama tena, na mimi sikuwa na pa kuficha uso, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imegeuka kibodi.

Mdomoni mwa Mamkubwa, Sentensi akasimama. Akakunja leso yake, akajipangusa suruali, akafunga kifungo cha koti.

"Ahsante sana," akaniambia. "Hata mimi sikupenda kukaa pale. Panauma."

Akashuka kupitia pembe ya midomo, akapita katikati ya viti akiuliza njia ya kwenda stendi. Kitufe akabaki amening'inia nusu, hajui ashuke au apande. Mamkubwa akafungua mdomo wote, akavuta hewa, na nikasikia maneno yanapanda kooni mwake, mengi, yanakimbia kama watu waliosikia maji yametoka.

Nikaamka kabla la kwanza halijafika.

Kumekucha. Mamkubwa yupo uani, namsikia akimsema mtu aliyehamisha ndoo yake kwenye foleni ya muuza maji wa mkokoteni. Sauti ni yake, maneno ni yake, moja moja. Nikabaki nimelala nikiyasikiliza.

Kisha nikachukua simu, nikafungua tovuti. Picha ipo, kicheko kipo. Chini yake kuna alama ya kufungua nukuu, halafu alama ya kuifunga. Katikati hakuna kitu. Neno la siri la ukurasa ule ninalo mimi peke yangu, nami usiku kucha nilikuwa nimelala.

Ujumbe wa Bwana Mwaluko ulikuwa umeshaingia. Anauliza maneno ya yule mama yameenda wapi, anataka niyarudishe kabla Mheshimiwa hajaamka.

Niliiacha simu kitandani. Nikatoka uani. Mamkubwa alikuwa amekaa kwenye kigoda, ndoo tupu katikati ya miguu, bado anahema kwa ugomvi.

"Shikamoo, Mamkubwa."

"Marahaba. Unalala kama gogo wewe, nimekuita mpaka koo limekauka."

Nikachuchumaa mbele yake. Nilitaka kuanzia mwanzo, kwenye picha, kwa mjomba niliyemkata. Macho yangu yakawa hayatoki kwenye midomo yake, na nilichoweza kusema ni hiki tu:

"Mamkubwa, hivi kuhusu haya maji, wewe mwenyewe unasemaje?"

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa jina lake na mtoto wa nyumba.

"Leo ndiyo unaniuliza?" akasema.