Mistari Iliyoruka Baada ya Wimbo

Kabla hakujapambazuka, kifuniko cha sufuria kilianguka jikoni. Kalekye alikiona kikizunguka sakafuni, akashangaa jinsi kilivyoanguka kimya. Vifuniko vya siku hizi, aliwaza, vyepesi kama karatasi.

Lakini mjukuu wake, Wanza, alitoka chumbani mbio. "Susu, umenishtua!"

"Nimekushtua na nini, mama?"

Wanza alimtazama kidogo, akatabasamu, akaenda kujitayarisha kwa kazi. Alikuwa msichana wa huruma. Tangu Jecinta wa ghorofa ya chini aache kuja, hakupenda kumwacha bibi yake na ukimya wa nyumba ile ya mtaa wa Tassia. Alifungua kompyuta, akaweka nyimbo za kwaya kutoka mtandaoni, kisha akafungua ukurasa mwingine wenye mistari ya rangi. Mistari ikaanza kucheza.

"Huu ukurasa unasikiliza, Susu. Sauti yoyote humu ndani, mistari inaruka."

Kalekye aliitikia kwa kichwa, ingawa hakuelewa. Hata kwaya yenyewe aliisikia kama inaimba ng'ambo ya barabara. Mawazo yake yalikuwa kwa Jecinta. Walizoea kunywa chai pamoja kila asubuhi, kisha ghafla, kimya. Alimkosea wapi? Angeshuka kumuuliza, lakini magoti hayakuzitaka zile ngazi.

Jua lilipoingia dirishani, Wanza akiwa ameshaenda kazini, nyimbo zilikwisha na mistari ikalala. Kalekye akaanza kuchagua mchele. Mara mistari ikaruka. Ikalala. Ikaruka tena.

"Wewe nawe! Wimbo umekwisha, unacheza ngoma ya nani?"

Maneno yake yakaiinua. Akanyamaza, ikalala. Akapiga makofi, ikaruka. Kumbe inamsikia! Lakini sasa mikono yake ilikuwa imetulia mapajani, mdomo ameufumba, na mistari inaruka mpaka juu. Inamsikia nani mwingine?

Akageuka polepole, akautazama mlango.

Alipofungua, Jecinta alikuwa ameshageuka kurudi ngazini, bakuli la githeri mkononi.

"Mama Kivuva!" akamwita Kalekye. "Kumbe leo umekubali kunifungulia?"

"Nikufungulie? Si wewe uliyenitupa?"

"Nikutupe! Nimegonga huu mlango asubuhi nyingi mpaka vidole vikaota sugu. Nikasema huyu mama amekinai githeri yangu. Leo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho."

Kalekye akakumbuka. Kifuniko. Kwaya ile ya mbali. Mkono wake ukapanda wenyewe, ukashika sikio.

Jecinta aliuona huo mkono. Aliingia, akavuta stuli mpaka magoti yao yakagusana, akamjulia hali upya, taratibu, karibu na sikio. Kalekye alisikia kila neno, hata kicheko.

Chai ilipokwisha na Jecinta akainuka, Kalekye alimshika kiganja.

"Kesho uje tena, Mama Muturi. Ugonge kwa nguvu. Nitakuwa nimekaa hapa, naitazama mistari."